Nahamishiwa ofisi ya Dubai lakini natakiwa nisaini barua ya kuacha kazi Tanga, nifanyeje?

"Asalam aleykum dada, shikamoo. Nina miaka 36, nina mke na watoto wawili, nakaa Mikanjuni hapa Tanga. Nipo kampuni ya mizigo miaka 9 kamili sasa, niliingia kama karani na sasa hivi ni mhasibu. Kampuni ilifungua ofisi Dubai mwaka juzi, bosi kaniambia mimi na wenzangu wawili tunahamishiwa kule miaka miwili. Mshahara dirham 4,500 kwa mwezi na malazi watatoa wao. Shida wiki iliyopita zimekuja karatasi mbili, moja ni ofa ya kule, nyingine ni barua ya kuacha kazi huku, imeshachapwa na jina langu lipo chini nisaini tu. Nikauliza mbona naacha kazi wakati nahamishwa, nikajibiwa ni utaratibu wa viza tu, kampuni ni moja. Mke wangu anasema nisaini nafasi isipotee, mama anasema nisiende kabisa Uarabuni watu wanateswa. Jamaa aliyewahi kukaa huko kasema pasipoti lazima ashike mwajiri, NSSF yangu itakufa, ila kodi hakuna kwahiyo ni faida tupu. Na bado nadaiwa na bodi ya mikopo. Natakiwa nijibu kabla mwezi haujaisha. Nisaini au nisisaini?"

Waaleykum salam, marahaba mdogo wangu. Nianze na jibu maana najua mwezi unakwisha: ile barua ya kuacha kazi usiisaini. Ofa ya Dubai hiyo ni habari nyingine, inaweza ikawa nzuri tu na tutaiangalia, lakini wamezipiga pini pamoja karatasi mbili kama vile ni kitu kimoja, na sio kitu kimoja hata kidogo.

Swali lako nimelisoma mara tatu. Umeuliza pasipoti, NSSF, kodi, mkopo, maneno ya mama, na yote nitayagusa. Lakini naona kinachokunyima usingizi ni kimoja tu, kwamba mambo yakienda kombo kule, mlango wa Tanga utaukuta wazi au utaukuta umepigwa komeo. Na hujakosea kuhofia hilo, tena ndo hofu ya maana kuliko zote ulizoandika.

Nakwambia hivi kwa sababu mimi mwenyewe nimekaa ofisi ya rasilimali watu miaka 14, na kwenye moja ya kampuni nilizofanyia tuliwahi kupeleka watu wanne Muscat, Omani. Utaratibu ulikuwa huohuo wako, ofa na barua ya kuacha kazi, na barua zile nilizichapa mimi kwa mikono yangu, bosi kasema ni utaratibu na mimi nikaamini ni utaratibu. Baada ya mwaka na nusu ofisi ya kule ikafungwa. Mmoja wao akarudi, akaja ofisini asubuhi na shati lake la kazi limepigwa pasi, akapewa chai, akapewa na pole, akaulizwa habari za joto la Omani, alafu akaambiwa kwa upole kabisa kwamba nafasi hakuna na yeye siku nyingi si mfanyakazi wetu, aliacha kazi. Akabisha. Faili likaletwa, saini ni yake. Miaka 11 ya mtu imekatwa na karatasi yenye mistari minne. Tangu siku ile sijawahi kumchapia mtu barua ya kuacha kazi, anayetaka kuacha ataandika mwenyewe kwa maneno yake.

Sasa hilo neno "kampuni ni moja". Bango ni moja, nembo ni moja, bosi ni mmoja, hata grupu la WhatsApp ni moja, lakini sheria haisomi bango, inasoma usajili. Ofisi ya ng'ambo inaweza kuwa ya aina mbili. Inaweza kuwa tawi kweli, yaani ni kampuni yenu ileile ya Tanga imekwenda kuchukua leseni ya kufanya kazi Dubai, haina uhai wake peke yake, ni mkono wa mwili uleule. Au inaweza kuwa kampuni tanzu, huyo ni mtoto aliyesajiliwa kule kivyake, ana akaunti yake, madeni yake, na akifa anakufa peke yake, mzazi wa Tanga kwa kawaida hafuatwi kwa deni la mtoto. Bosi wako akisema kampuni ni moja anaweza kuwa mkweli kabisa moyoni mwake kwa sababu zote mbili anazimiliki yeye, lakini kwako wewe unayelipwa mshahara hao ni waajiri wawili kwenye nchi mbili zenye sheria mbili.

Kujua ni ipi sio kazi kubwa, omba kopi ya leseni ya biashara ya Dubai. Ukikuta inasema ni tawi la kampuni ya Tanzania, sawa. Ukikuta jina lina mkia wa herufi kama LLC, FZE au FZCO, hiyo ni kampuni nyingine hata kama jina la mbele linafanana herufi kwa herufi. Watu wa mizigo wengi wanakaa Jebel Ali, lile eneo huru lililoanza mwaka 1985, na huko mikia hiyo utaiona mpaka uchoke.

Na uangalie kichekesho chenyewe. Kama ni tawi, unaacha kazi kwa nani ukaajiriwe na nani? Unaiacha kampuni inayokuajiri ili ikuajiri. Na kama ni kampuni tanzu ndo kabisa usiache bila kupewa kitu, kwa sababu unatoka kwa mwajiri anayekujua miaka 9 unakwenda kwa mwajiri aliyezaliwa juzi.

Hili la viza wamechanganya ukweli na uongo ndo maana limekuingia. Ukweli ni kwamba Falme za Kiarabu huwezi kufanya kazi kihalali bila mwajiri wa kule kukuombea kibali, na kibali kinataka mkataba wa kule. Huwezi ukaenda na mkataba wako wa Tanga mkononi ukasema mimi nimetumwa. Kwahiyo mkataba wa Dubai utausaini tu, hiyo haina ujanja. Lakini wanachotaka wale ni pasipoti, picha, vyeti vyako, ofa uliyoisaini na vipimo vya afya, katika kazi yangu yote sijawahi kuona barua ya kuacha kazi Tanzania ikidaiwa kwenye maombi ya kibali. Hiyo barua haiendi Dubai, mdogo wangu. Inabaki kwenye faili lako hapahapa Tanga, na anayeihitaji ni mwajiri wako.

Anaihitajia nini? Sio lazima awe na roho mbaya, wengine ni mwanasheria au mhasibu kamwambia asafishe vitabu. Lakini angalia ukisaini unapoteza nini. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, mwajiri akikuachisha wewe bila kosa lako baada ya mwaka au zaidi anakulipa kiinua mgongo cha siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliotimiza, mwisho miaka 10. Hesabu mwenyewe kwa miaka yako 9 ni siku 63, miezi miwili na kidogo. Ukiacha mwenyewe hiyo huna. Sheria hiyohiyo, kifungu cha 43, inasema mkataba ukivunjwa mahali ambapo sipo ulipoajiriwa, mwajiri anawajibika kukusafirisha wewe na vitu vyako mpaka ulipoajiriwa, au akulipe nauli, na posho ya kujikimu siku zote unazosubiri kusafirishwa. Hiyo ni dhahabu kwa mtu anayepelekwa mbali, lakini inamlinda mwenye mkataba unaoishi, wako ukishaukata unamlinda nani? Alafu kuna hili ambalo watu hawalioni mpaka liwakute: ukiajiriwa upya kule unaanza upya kweli, ikiwemo kipindi cha majaribio ambacho kinaweza kufika miezi 6, na ndani ya majaribio mwajiri anaweza kukuondoa kwa notisi ya siku 14. Yaani mtu wa miaka 9, mhasibu anayejua kila mteja mpaka anayelipa kwa mafungu, anageuka mgeni wa kuondolewa kwa wiki mbili.

Jambo lingine dogo lakini lina uzito: sheria yetu inataka mkataba wa mtu anayekwenda kufanya kazi nje ya nchi uwe wa maandishi, na masharti ya kazi yakibadilika mwajiri anatakiwa ashauriane na wewe na mabadiliko yaandikwe. Kwahiyo ukiomba mambo yawekwe kwenye karatasi hujawa mkorofi wala hujamkosea mtu adabu.

Njia za kupeleka mtu ng'ambo ziko tatu. Ya kwanza ni safari ya kikazi, unakwenda wiki mbili tatu mshahara na posho ni vya Tanga, miaka miwili haiingii hapo. Ya tatu ni kuajiriwa upya moja kwa moja, ndo hiyo wanayokupa wao kwa jina la kuhamishwa. Ya katikati ndo nataka uiombe, kuazimwa. Ajira yako ya Tanga inabaki hai, imelala tu, wewe unakwenda kufanya kazi kwa ofisi ya Dubai kwa mkataba wa kule kwa ajili ya kibali, na mkononi una barua ya Tanga inayosema unarudi. Kampuni kubwa zinafanya hivi kila siku na haiwagharimu sana, mana mshahara wako kipindi hicho unalipwa na Dubai.

Barua isiwe ndefu. Mimi ningeiandika hivi: "Mwajiri anamwazima mwajiriwa kwa ofisi ya Dubai kwa miezi 24. Katika kipindi hicho ajira yake Tanga haikatiki na miaka yake ya utumishi inaendelea kuhesabiwa. Kipindi kikiisha, au ofisi ya Dubai ikifungwa, au mkataba wa Dubai ukivunjwa kabla ya wakati bila kosa lake, mwajiri atamrudisha kwenye nafasi yake au inayolingana nayo kwa mshahara usiopungua aliokuwa nao, na atalipa nauli na gharama za mizigo yake mpaka Tanga." Isainiwe na mwenye mamlaka, igongwe muhuri wa kampuni ya Tanga sio wa Dubai, na nakala moja abaki nayo mkeo kabatini Mikanjuni, usiende nayo yote kule.

Wakikataa? Tuwe wakweli, wanaweza kukataa. Kampuni ndogo nyingi zinaogopa kujifunga kwamba baada ya miaka miwili nafasi itakuwepo. Hapo ombi la pili ni kwamba ajira ya Tanga imalizwe na wao, au kwa makubaliano ya pande mbili, na ulipwe chako: likizo ambayo hujachukua, notisi, kiinua mgongo cha miaka 9, na cheti cha utumishi. Unaondoka ukiwa umelipwa, unaanza upya ukijua unaanza upya. Hiyo ni biashara ya haki hata kama sio tamu. Wakikataa na hiyo pia, wanataka uondoke bure na usiwe na pa kurudi, basi hata hiyo ofa ya Dubai ningeitilia shaka, mana wanaokubania siku 63 hapa Tanga ambako mnaonana kila siku watakufanyia nini mkiwa mbali. Lakini sisemi usiende. Una miaka 36, kuna watu wanaamua kuubeba huo mzigo wakaenda na wakafanikiwa, muhimu ni uubebe ukijua uzito wake.

Haya tuje kwenye ofa yenyewe, na hapa nataka utulie. Dirham 4,500 ni karibu dola 1,225, mana dirham imefungwa kwenye dola kwa 3.6725 miaka mingi, haiyumbi kama yetu. Swali sio 4,500, swali ni imegawanywaje. Angalia mshahara wa msingi ni kiasi gani na posho ni kiasi gani, kwa sababu kiinua mgongo cha kule kinapigwa kwenye msingi peke yake, siku 21 kwa mwaka kwa miaka mitano ya mwanzo. Tuseme msingi ni 1,500 na posho 3,000: siku moja ni dirham 50, mwaka unapata 1,050, miaka miwili 2,100. Geuza, msingi 3,000 na posho 1,500: miaka miwili unaondoka na 4,200. Mshahara uleule unaoingia benki kila mwezi, lakini mwisho wa safari mmoja kabeba mara mbili ya mwenzake. Waajiri wanalijua hili vizuri sana, wafanyakazi wanaligundua siku ya kuondoka. Na usipotimiza mwaka hupati kitu.

Gharama za kibali na viza ni za mwajiri kwa sheria ya kule, sheria ya kazi namba 33 ya mwaka 2021 iliyoanza Februari 2022, kwahiyo ukiona kipengele kwamba watakukata kidogokidogo mpaka irudi hela ya viza, hicho ni haramu na kipigwe mstari. Likizo ni siku 30 kwa mwaka ukishatimiza mwaka. Tiketi ya kuja likizo nyumbani sheria haimlazimishi mwajiri, watu wengi wanadhani ni haki, isipoandikwa kwenye mkataba haipo, iombe sasa wakati bado wanakuhitaji. Tiketi ya kurudi moja kwa moja mkataba ukiisha hiyo ni yao, labda uwe umehamia kwa mwajiri mwingine au umeondoka kwa sababu zako. Kuna na bima ya kupoteza kazi, ni lazima tangu 2023, unalipa mwenyewe dirham 5 kwa mwezi kwa mshahara wako, usiidharau mana faini ya kutojiunga ni kubwa kuliko bima yenyewe.

Ofa na mkataba vinakuja kwa Kiarabu na Kiingereza, na zikipingana kinachofuatwa ni Kiarabu. Najua wewe mtoto wa Tanga umesoma madrasa, lakini tuambiane ukweli, sisi tulifundishwa kusoma, kufahamu ni habari nyingine. Mtafute ustadhi aliyesoma huko nje akulinganishie zile namba na tarehe, nusu saa inatosha. Mkataba hautakiwi kwenda kinyume na ofa uliyosaini, ndo mana ofa ni ya kuiwekea umakini sio ya kusaini juu ya boneti la gari.

"Malazi watatoa" nako uliza maswali ya kishamba kabisa bila aibu. Ni chumba au ni kitanda? Mko wangapi? Kiko wapi na kazini unafikaje? Mtu anaweza akawekwa kwenye kitanda cha juu chumba cha watu sita na mkataba ukasema malazi yametolewa, na hajadanganywa.

Familia: kisheria kwa mshahara wako unaweza kuwachukua, kiwango ni dirham 4,000, au 3,000 na malazi. Lakini ruhusa ni kitu kimoja na mfuko ni kingine. Hayo malazi ya kampuni ni ya kwako wewe, ya mke na watoto utapanga, na Dubai nyumba inalipwa kwa hundi za miezi mingi mbele, kuna amana, kuna dalali, na watoto wa wageni wanasoma shule za kulipia. Ushauri wangu, mwaka wa kwanza nenda peke yako. Mkeo hatapenda nikisema hivi, anisamehe. Ila kama mnapanga wafuate baadaye, cheti cha ndoa anza kukishughulikia kabla hujapanda basi la Dar, maana karatasi ya shehe peke yake haitoshi, inatakiwa cheti cha RITA, wale wakala wa serikali wa usajili, muhuri wa Wizara ya Mambo ya Nje, alafu ubalozi wao wa Dar. Ukiwa kule ukimtuma shemeji ndo inakuwa kazi ya miezi.

Mama sasa. Mama hajakosea kabisa, usimbishie. Habari anazosikia za kuteswa nyingi ni za mabinti wa kazi za ndani, wanaofungiwa kwenye nyumba ya mtu, tena hao wana sheria yao tofauti na hii ya kwako. Wewe unakwenda ofisini, mshahara unapita benki kwa mfumo ambao serikali yao inauona, ni hali nyingine. Na huyo jamaa yako wa pasipoti anasema alichokiona, zamani ilikuwa kawaida na wapo wanaoendelea, lakini mwajiri kushika pasipoti ya mfanyakazi sheria ya kule inakataza. Utaitoa siku ya kugongewa viza, ikitoka uirudishiwe. Wakisema ni kwa usalama wake, waambie una begi lenye kufuli. Piga picha kurasa zake zote umuachie mkeo, na ukifika jua ubalozi wetu uko Abu Dhabi na ubalozi mdogo uko Dubai palepale.

NSSF haifi. Hili limesambaa sana na sijui lilianzia wapi. Michango uliyochanga inakaa kwa jina lako, kinachotokea ni kwamba haiongezeki. Pensheni inataka miezi 180, wewe kwa miaka 9 una kama 108, imebaki 72. Miaka miwili bila kuchanga ni miezi 24 umeiahirisha, basi. Lakini kabla hata ya Dubai pita ofisi ya NSSF uchukue taarifa ya michango yako uihesabu mwezi kwa mwezi, mana nimeona watu wanaokatwa kwenye salari slipu na hela haifiki, na kudai ukiwa bado mfanyakazi wa hapo ni rahisi kuliko ukiwa Jebel Ali. Ukiwa hapohapo kaunta uliza namna ya kuendelea kuchangia mwenyewe ukiwa nje. Na mkiandikiana ile barua ya kuazimwa, ombeni kampuni iendelee kuwachangia, wakikubali hiyo ni nyongeza ya mshahara isiyoonekana.

Bodi ya mikopo vilevile haikusamehi kwa sababu umevuka bahari. Hapa walikuwa wanakata asilimia 15 ya msingi kwenye mshahara wako wewe huna habari, kule hakuna wa kukukatia, kwahiyo ni wewe kuwaandikia na kupanga unalipaje. Usilaze, deni halilali.

Kodi. Kweli Falme za Kiarabu hawatozi kodi ya mapato kwenye mshahara. Ila watu wanaishia hapo na hapo sipo mwisho. Kwa sheria ya Tanzania, mtu mwenye makazi ya kudumu hapa na akawepo nchini sehemu yoyote ya mwaka huo anaweza kuhesabika mkaazi wa kikodi, na mkaazi anaangaliwa mapato yake ya kila mahali, sio ya hapa tu. Wewe nyumba Mikanjuni, mke na watoto Mikanjuni, unakuja likizo siku 30, unaona inavyokaa. Sikutishi, nakwambia usitumie 4,500 yote kwenye akili yako kabla hujakaa na mtu wa kodi au hujakwenda TRA ukauliza hali yako na ukapewa jibu la maandishi.

Kuna jambo moja la afya sitalizungusha. Kibali cha ukaazi kinapita kwenye vipimo vyao, VVU na kifua kikuu vimo, na majibu yakiwa mabaya unaweza kunyimwa kibali ukarudishwa. Kapime kwanza hapa, hospitali ya Bombo au popote unapopaamini, na eksirei ya kifua, hata kama uliwahi kuugua ukapona mana makovu yanaonekana na yanaleta maswali. Mtu asiuze pikipiki yake na kuaga mtaa mzima kabla ya hili.

Mpaka hapa ni ushauri wa mbali, mimi karatasi zako sijaziona. Kuna mahali itabidi uende na miguu yako. Kabla ya kusaini chochote mpelekee wakili wa masuala ya kazi karatasi zote mbili na mkataba wako wa zamani, sio mwanasheria wa kampuni, huyo hata akikuchekea ni wa kampuni. Kama mna chama cha wafanyakazi, COTWU kwa mfano kwenye uchukuzi, mwone kiongozi wa tawi. Na kama umeshasaini wakati unasoma hapa, au wenzako wawili wameshasaini, au mtu anakwambia usiposaini usije kazini Jumatatu, usikae kusikilizia: nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA, hapahapa Tanga, kwa sababu lalamiko la kuachishwa lina siku 30 tu na madai mengine siku 60, na kuthibitisha kwamba barua yenye saini yako ulisainishwa kwa nguvu ni kazi ngumu, sio haiwezekani lakini ngumu. Ujumbe wowote wa simu unaokuharakisha usaini, usiufute.

Kwa bosi usiende na ubishi, na usiende peke yako kama wenzako wako tayari, mkiwa watatu mnaomba barua moja inakuwa utaratibu, ukiwa mmoja unakuwa mtata. Mwandikieni imeli fupi leo au kesho, muanze na shukrani kweli sio ya kinafiki, kwamba mmefurahi kuaminiwa na mko tayari kwenda. Alafu muombe vitu vitatu tu: kopi ya leseni ya ofisi ya Dubai, mgawanyo wa mshahara wa msingi na posho, na barua ya kuazimwa badala ya barua ya kuacha kazi. Akiwaita ofisini akawajibu kwa mdomo, msikilizeni kwa adabu, mkitoka muandike imeli nyingine "kama ulivyotueleza leo" na myaweke yale aliyosema. Mkeo muonyeshe hesabu ile ya 2,100 na 4,200 usiku watoto wakilala, nadhani atakuelewa kuliko nikimwambia mimi. Jibu la bosi likija niletee, ufute majina.